Ubeti wa Tatu

Awiti alipoliona jina lililochorwa kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa juu ya mlango wa ukumbi, mkono wake ulichomoka wenyewe kutoka mkononi mwa Patrobas.

"Nini sasa?" Patrobas akauliza huku akicheka. "Umeshtuka, eh?"

"Uliniambia tunaenda kusikiliza kwaya."

"Ningekuambia ukweli ungekataa. Kila nikisema twende tumwone Sylvance akiimba live, mara una kazi, mara kichwa kinakuuma, mara mvua itanyesha. Leo umenaswa."

Kweli alikuwa amenaswa. Mbele yake foleni ya vijana ilikuwa imezunguka nyumba za mawe za Kaloleni hadi barabarani, na nyuma yake alisimama Asenath, dada mkubwa wa Patrobas, mkoba kwapani na macho yakimpima kuanzia kisigino hadi utosini. Asenath alikuwa amefika kutoka Bungoma siku hiyo hiyo. Wazee wa akina Opicho, watu wa Patrobas, wangekuja nyumbani kwa akina Awiti Jumamosi ifuatayo kuzungumza habari za ndoa, na Asenath alikuwa ametangulia kumtazama huyo Mjaluo aliyemteka ndugu yake. Awiti alimwita Mama Khavere, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kila alipomwita hivyo sauti yake ilitoka nyembamba.

"Huyu Sylvance ndiye nani?" Asenath akauliza.

"Dada, huyu ndiye mwimbaji wangu," Patrobas akasema. "Anapiga roki. Gitaa la umeme, ngoma nzito, lakini maneno ni ya huku kwetu. Na hana kampuni inayomtuma. Anarekodi mwenyewe chumbani kwake."

Ndiyo, chumbani, godoro likiwa limeegemezwa ukutani ili jirani asilalamike. Awiti aliijua habari ya godoro kwa sababu ndiye aliyekuwa akilishikilia lisianguke. Katika foleni nzima hakuna mwingine aliyeijua, na Patrobas ndiye aliyepaswa kuijua kabla ya watu wote. Awiti hakuwahi kumwambia.

Tusimhukumu haraka. Patrobas alifanya kazi katika kiwanda cha mkate kule Industrial Area, na kila asubuhi alipiga pasi shati lake mwenyewe akiwa amebaki na vesti, akiimba "Binti wa Reli" ya Sylvance kwa sauti iliyopotea njia tangu neno la kwanza. Mara ya kwanza Awiti kumsikia, alikuwa amesimama mlangoni pake kule Kariobangi na mfuko wa nyanya mkononi, na nusura ageuke arudi zake. Ulikuwa wimbo wake. Uliandikwa kwa ajili yake na mwanamume mwingine, na sasa huyu mwanamume mpole mwenye vesti iliyotoboka alikuwa akiuharibu kwa furaha kiasi kwamba Awiti alijikuta akicheka. Siku hiyo ndipo alipompenda. Mapenzi hayana adabu, hayachagui mlango wa kuingilia.

"Si huyu Sylvance ni wa kwenu Makongeni?" Patrobas alimuuliza asubuhi ile. "Unamjua?"

"Kwa sura tu," Awiti akajibu.

Maneno matatu, na tangu siku ile hakuwa amepata mahali pazuri pa kuyarudisha.

Foleni ikasogea. Mbele yao alikuwa msichana wa Kisomali mwenye hijabu nyeusi na viatu vizito vya ngozi, ambaye aligeuka na kuwasalimia kama watu aliosoma nao.

"Niaje. Mimi naitwa Sagal, natoka Eastleigh. Hii ni mara yenu ya kwanza kumcheki?"

"Ya kwanza," Patrobas akasema. "Lakini nyimbo zake zote ziko hapa," akagonga kifua.

"Zote haziwezi. 'Binti wa Reli' unaijua beti ngapi?"

"Mbili. Si ziko mbili tu?"

Sagal akacheka. "Kuna ya tatu. Hajawahi kuirekodi, huiimba live pekee. Ukitaka kuisikia lazima ukuje. Hapo ndipo anasema alama ya yule dem mwenyewe, kila kitu. Mimi nimeisikia mpaka naiota."

Awiti aliujua ubeti huo. Aliusikia mara moja tu, ukiimbwa polepole nyuma ya nyumba za Reli, karibu na mfereji, na aliyeuimba alimwapia kwamba hautasikika na mtu mwingine.

"Huyo dem ni nani?" Patrobas akauliza.

"Hakuna mtu anajua. Lakini siku akijitokeza, buda, Eastlands yote itasimama."

Awiti akavuta mkono wa sweta hadi kwenye vidole. Ilikuwa sweta aliyoifuma mwenyewe kwa mashine yake ya kufuma kule kazini Kariobangi, kwa uzi uliobaki wa sare za shule, na jua la alasiri ile halikuhitaji sweta yoyote. Chini ya sufi hiyo, juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, palikuwa na kovu la pasi ya makaa, lenye umbo la jani. Patrobas alilijua. Alilibusu mara nyingi. Aliwahi kumuuliza limetoka wapi, naye akamwambia alijichoma akipiga pasi shati, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Ila hakusema shati la nani.

"Patrobas," akanong'ona. "Twende nyumbani."

"Kwa nini?"

"Tumbo linaniuma."

Asenath alikuwa na masikio ya mtu anayelala na kuku. Akasogea karibu, akaushika mkono wa Awiti na kushusha sauti. "Niambie kama mwanamke mwenzangu. Una mimba?"

"Hapana, Mama Khavere."

"Kama ipo sema sasa, kabla wazee hawajapanda gari. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Haipo. Wallahi haipo," Awiti akasema, yeye msichana wa kanisa, mpaka Sagal akageuka kumtazama.

"Basi hilo ni joto," Patrobas akasema. "Si utoe hiyo sweta?"

"Nitakuwa sawa."

Akaingia ukumbini jinsi mtu anavyoingia kwa daktari wa meno.

Hadithi yake na Sylvance haikuwa chafu, na labda hiyo ndiyo sababu iliuma. Sylvance alilelewa na baba yake mdogo pale Makongeni, na Awiti alizaliwa palepale, baba yake akiwa mtu wa Reli. Walipendana kwa muda mrefu na bila hila. Kisha Sylvance akamleta mama yake mzazi kutoka kijijini ili awasalimie akina Awiti. Baba yake Awiti, Mzee Walter, akamkaribisha chai, na kama ilivyo desturi ya Wajaluo akaanza kumuuliza alikozaliwa, watu wake ni akina nani, babu yake ni nani, na babu wa babu yake. Yule mama akataja majina. Kwenye jina la mwisho Mzee Walter akaweka kikombe chini. Lilikuwa jina la babu yake yeye pia. Mama yake Sylvance alikuwa msichana wa ukoo wao.

Watu wa ukoo mmoja hawaoani, wala mtu haoi katika ukoo wa mama yake. Anayevunja mwiko huo hufuatwa na chira, ule mkosi unaokausha mtu na watoto wake, na hata asiyeuamini huogopa midomo ya wanaouamini. Awiti aliinuka kwenye kiti akaenda jikoni, na huko jikoni mapenzi yao yakaishia. Mzee Walter akasema neno moja tu: "Hili lisitoke katika nyumba hii." Nalo halikutoka. Sylvance ndiye aliyebaki na wimbo.

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimesukumwa kandokando na watu wamesimama bega kwa bega. Patrobas alijipenyeza mpaka karibu na jukwaa, akimvuta Awiti, naye Asenath akifuata na kuomba radhi kwa kila aliyemkanyaga.

Kisha taa zikawaka jukwaani, na Sylvance akatokea.

Awiti alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba Sylvance angemwona. Ya pili hakuwahi kuitamka hata akiwa peke yake: kwamba moyo wake ungemwona Sylvance na kusahau mahali ulipo. Akamtazama. Alikuwa amekonda, ameota ndevu, amevaa fulana ya kawaida. Siku hizi hakuvaa mashati. Akapiga gitaa mara moja, sauti ikapita kifuani mwa watu wote, na Awiti akaungoja moyo wake ufanye vituko. Haukufanya. Ulipita karibu na Sylvance kama mtu anavyopita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga, akatazama madirisha, akaendelea na safari. Machozi yalimjaa kwa shukrani. Akamgeukia Patrobas, aliyekuwa akiruka na kuimba kwa sauti yake mbaya, na hapo hofu ya kwanza ikamrudia maradufu, maana sasa alijua kwa hakika ni nani ambaye hawezi kuvumilia kumpoteza.

"Uko sawa?" Patrobas akapaza sauti sikioni mwake ili kuishinda ngoma.

"Nakupenda," akamwambia.

"Nini?"

"Nimesema nakupenda."

Patrobas akacheka na kumfuta jasho la paji kwa kiganja. "Basi toa sweta, mpenzi. Utazimia."

"Niache nayo."

Nyimbo zikapita. Awiti alijificha nyuma ya bega la Patrobas, na kila Sylvance aliposogea upande wao alijifanya anafunga kiatu. Alianza kutumaini. Labda sauti ingemkauka Sylvance. Labda stima ingepotea, kama inavyopotea kila siku usipoihitaji ipotee. Kisha gitaa likaanza kile kipande alichokijua kuliko jina lake, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Ilikuwa "Binti wa Reli."

Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukapita, Patrobas akiuimba na kufumba macho. Halafu Sylvance akainua mkono, na bendi ikanyamaza isipokuwa mpiga ngoma aliyebaki akigonga taratibu.

"Mnajua desturi," Sylvance akasema. "Kaeni chini."

Watu wakaketi sakafuni, wote.

"Kuna nini?" Asenath akauliza, akijikunja kwa shida na kuvuta sketi.

"Ni pakruok," Sagal akaeleza. "Ile ya Wajaluo, ya kujisifu. Wimbo unasimama, mtu anaenda kwa maiki, anajisifu yeye na mtu wake. Yule anasifiwa anasimama, tumwone. Halafu Sylvance anampatia aliyesifu beti ya tatu kama zawadi."

"Anasimama peke yake?" Awiti akauliza, ingawa alijua.

"Peke yake. Mpaka wimbo uishe."

Awiti akageuka kumshika Patrobas. Mkono wake ulishika hewa. Patrobas alikuwa ameshainuka, anaruka magoti ya watu kuelekea jukwaani, akitabasamu kama mtu aliyekariri jambo kwa wiki nyingi.

"Patrobas," akaita. "Patrobas, rudi." Sauti haikufika hata kwa Sagal.

Akapanda. Akaishika maiki kwa mikono miwili. Pale juu alionekana mfupi kuliko alivyokuwa, na shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyonyooka kabisa.

"An Opicho," akaanza kwa Kijaluo cha kufundishwa, na ukumbi ukamshangilia. "An Opicho, wuod Bungoma. An e chuor Awiti."

"Amesema nini?" Asenath akauliza.

"Amesema yeye ni mtoto wa Bungoma, mume wa Awiti," Sagal akamwambia.

"Mume? Na wazee hawajafika?"

Patrobas akaendelea kwa Kiswahili, maana Kijaluo chake kilikuwa kimeishia hapo. "Kwetu kiwandani kuna Wajaluo wamenifunza. Wameniambia Awiti ni jina la mtoto aliyetupwa. Ati wenzake walikufa kabla yake, kwa hivyo alipozaliwa akawekwa nje, jirani akamwokota, ndio kifo kisimjue. Sasa mimi nataka kusema hivi. Yule jirani asante sana. Lakini zamu yangu imefika. Mimi ndiye nimemwokota, na sitamweka chini. Awiti, nyar Makongeni, binti wa Makongeni, simama wakuone."

Watu walipiga makofi na sakafu ikatetema. Sagal alimgeukia, mdomo wazi. "Ni wewe Awiti? Simama basi."

Miguu haikutaka. Asenath ndiye aliyemsukuma mgongoni. "Simama, msichana. Ndugu yangu anajiaibisha kwa ajili yako."

Awiti akasimama. Kila mtu alikuwa chini isipokuwa yeye, Patrobas na Sylvance. Hapakuwa na bega la kujificha nyuma yake wala kiatu cha kufunga.

Sylvance akamwona.

Hakushtuka kwa namna ambayo wengine wangetambua. Vidole vyake tu vilibana nyuzi za gitaa hadi zikakwaruza. Alimtazama, na Awiti akamtazama, na katika kutazamana huko zilipita chai iliyopoa, majina ya babu yaliyotajwa, na salamu zote ambazo hawakuwahi kuzituma. Awiti akatikisa kichwa polepole sana. Alikuwa anaomba. Hakuwahi kumwomba kitu chochote tangu siku ile ya jikoni.

Sylvance akavuta maiki. "Awiti," akasema. "Karibu nyumbani, nyar Makongeni." Kisha akamgeukia Patrobas, akampa mkono. "Na wewe, shemeji yangu. Umesema vizuri. Mtunze."

Patrobas aliushika mkono ule kama cheti.

"Lakini leo," Sylvance akawaambia watu, "mtanisamehe. Beti ya tatu siimbi. Sauti imeenda."

Awiti akapumua. Alidhani amepona. Wapi. Ukumbi uliguna, kisha mtu kutoka nyuma akapiga kelele, "Sisi tutakuimbia," na mpiga ngoma, ambaye hakujua lolote, akaongeza mapigo. Sagal akawa wa kwanza kufungua mdomo. Kisha wengine wakafuata, wote wale waliowahi kuja, wote walioota ubeti ule, wakiuimba kutoka sakafuni kwa mapenzi makubwa:

*Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko,*
*pasi imeacha jani lisilonyauka.*
*Ulininyooshea shati, ukaungua wewe,*
*nikaenda kuimba, nikakuacha na moto.*

Sylvance alikuwa ameinamisha kichwa. Patrobas alikuwa bado anatabasamu, midomo yake ikijaribu kuyafuata maneno mapya. Waliporudia mara ya pili akayapata. Awiti aliona tabasamu likitoka usoni mwake polepole, jinsi maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka. Patrobas akamtazama Sylvance. Akamtazama Awiti. Kisha akautazama mkono wa sweta.

Akashuka jukwaani. Watu walimpigapiga mgongo alipopita, naye hakuwajibu. Akasimama mbele ya Awiti, karibu kiasi cha kumsikia akipumua.

Kama angeuliza, Awiti angeweza bado kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, makovu ya pasi yamejaa Nairobi nzima. Lakini Patrobas alisubiri tu, uso wazi, na Awiti akajua kwamba akidanganya mara hii atakuwa akimdanganya mpaka kaburini. Akashika ncha ya sweta, akaivua kichwani, na kubaki na blauzi ya mikono mifupi. Akamwonyesha mkono.

"Ni mimi," akasema.

Sagal, chini pale, akaacha kuimba.

Walitokea mlango wa pembeni. Nje jua lilikuwa bado lipo, na mama mmoja alikuwa akikaanga mihogo kando ya uzio na kuwaita waje wanunue. Patrobas alikwenda mbele, Awiti nyuma yake na sweta mkononi, Asenath nyuma ya wote akihema.

"Uliniambia unamjua kwa sura tu," Patrobas akasema bila kugeuka.

"Nilidanganya."

"Nimeimba huo wimbo mbele yako kila asubuhi uliyokuja kwangu. Na vesti yangu imetoboka. Ulikuwa unanicheka moyoni?"

"Nilikuwa naogopa."

"Kuogopa nini?"

"Siku utakayonyamaza."

Patrobas akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bado unampenda?"

"Hapana. Leo nimemwona na nimejua. Nilikuwa naogopa hilo pia, na halikuwepo. Aliyekuwepo ni wewe."

"Na mlikosana nini?"

Hapo Awiti akamtazama Asenath. Alikumbuka sauti ya baba yake: lisitoke katika nyumba hii. Mwanamke huyu angelichukua neno hili mpaka Bungoma, na wazee wasingepanda gari lolote. Lakini alikuwa ameshaivua sweta, na huwezi kuoga nusu.

"Hatukukosana," akasema. "Mama yake ni wa ukoo wetu. Hatukujua. Baba alimuuliza huyo mama habari za babu zake, majina yakakutana."

Asenath akaziba mdomo kwa mkono. Mama wa mihogo naye akapunguza kukoroga.

"Uui," Asenath akasema taratibu. "Hata kwetu Wabukusu hilo ni mwiko. Mlijua lini?"

"Siku hiyo mama yake alipokuja."

"Na mkaendelea kwa siri."

"Hapana, Mama Khavere."

"Usinidanganye. Umeshadanganya mmoja."

"Niliinuka sebuleni nikaenda jikoni. Tangu hapo sijawahi kuongea naye, hata kwa simu. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona."

Asenath alilitazama kovu, akamtazama usoni. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Ndiyo maana amekuita shemeji," akasema. "Ni kaka yake kiukoo. Mimi nilidhani ni ile shemeji ya mtaani. Alikuwa anakukabidhi."

Patrobas akautazama mlango wa ukumbi.

"Hilo la ukoo mimi sitalibeba kwenda nyumbani," Asenath akaendelea. "Aliyeambiwa aache akaacha siku hiyo hiyo, na moyo bado unataka, huyo amelelewa. Wengi wetu tungezunguka nyuma ya nyumba. Lakini uongo wenu ni wenu. Simo." Akarekebisha mkoba kwapani. "Nitawangoja kwa steji. Msichelewe, miguu yangu imevimba."

Akaenda zake.

Wakabaki wawili. Patrobas akaushika mkono wa Awiti juu ya kiwiko, akaugeuza kwenye mwanga kama mtu anayesoma tarehe kwenye mfuko wa mkate. Alilitazama lile jani. Awiti alingoja kubusiwa, au kusukumwa. Hakufanya moja wala lingine. Akauachilia mkono, akachukua sweta na kumpa.

"Vaa," akasema. "Kuna baridi."

Hapakuwa na baridi. Awiti akavaa.

Wakaanza kuelekea Barabara ya Jogoo. Patrobas alitembea mbele kidogo, mikono mifukoni, naye hakuimba. Katika muda wote wa kujuana kwao Awiti hakuwahi kutembea naye bila mluzi, bila wimbo, bila kuharibu tyuni ya mtu. Sasa alisikia viatu vyao tu. Nyuma yao ukumbi ulianza wimbo mwingine, ukafifia. Huu ndio ukimya aliouogopa tangu siku ya nyanya, na ulikuwa mbaya kuliko alivyoufikiria. Alitamani amtukane. Alitamani apige ukuta. Patrobas aliendelea kutembea tu, na steji ilikuwa inakaribia, na Awiti alijua wakifika pale kabla yeye hajasema neno, Patrobas atapanda gari la Kariobangi na dada yake, naye atarudi Makongeni kwa miguu.

"Jumamosi," akasema kwa sauti iliyokatika. "Nimwambie Mama apike, ama asipike?"

Wakapita duka la simu, wakapita kinyozi. Awiti akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Patrobas akakohoa. Akakohoa tena, akasafisha koo, kisha akaanza wimbo. Ulikuwa wimbo wa kwaya ya kanisa la Friends la kwao Bungoma, ule unaoimbwa sadaka ikipita, na aliuanza juu mno hata ikabidi ashuke katikati ya mstari. Akakwama kwenye ubeti wa pili.

"Huu siujui wote," akasema, bado hajageuka.

"Ni sawa."

"Lakini ndio nitakuwa naimba nikipiga pasi. Ule mwingine umeisha."

"Ndiyo."

"Apike," Patrobas akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na ndipo Awiti alipotambua kwamba hakuwa peke yake katika kuogopa. "Wazee wanapenda kuku. Usinishike mkono kwanza, Awiti. Bado. Lakini usitembee huko nyuma."

Awiti akaongeza mwendo hadi akamfikia. Akaweka mikono yake ndani ya sweta, akasikiliza wimbo ulipoanza upya, juu mno kama mwanzo, na akamwitikia kwa sauti ya pili.